Kidonge Kinasubiri Kikao

Baba hakukataa dawa. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani limeshazungushwa na kutiwa chumvi, eti mzee yule ni mbishi, eti binti yake anayeishi naye ameshindwa kumnyoosha. Hakukataa. Baba alisimamisha mchezo, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Alikuwa refa wa mpira kwa miaka mingi, na mpaka leo kila mtu anamwita Refa, kuanzia fundi bomba hadi mkuu wa shule. Hakuwa refa wa kupuliza filimbi huku jicho likiwa kwenye saa. Alikuwa refa wa kitabu. Na nyumbani nako alichezesha. Tulipokuwa watoto, sisi watatu hatukuruhusiwa kugawa hata karata kabla hatujataja sheria kwa sauti na kila mmoja kuitikia. Tukikosana katikati, karata zinarudi kwenye boksi, mchezo umekufa, nendeni mkaoshe vyombo. Alisema mchezo wenye sheria mbili ni fujo, na yeye hachezeshi fujo. Ukikulia nyumba ya namna hiyo huponi kabisa. Kaka yangu mkubwa alienda kuwa daktari wa moyo Marekani. Mdogo wetu, kitindamimba, akawa mfamasia Ulaya. Mimi wa katikati nafundisha watu kuendesha gari, na kutwa nzima nakanyaga breki ya upande wangu kwa ajili ya watu wanaoamini kwamba taa nyekundu ni ushauri.

Mambo yalianzia kliniki. Baba alienda kupima presha kama kawaida yake, safari hii wakamtoa damu, na siku ya majibu nikampeleka mimi. Kliniki yetu ina chumba kimoja cha daktari, pazia la kijani lililochomoka ndoano, mizani inayosoma kilo kabla hujaipanda, na kalamu iliyofungwa mezani kwa bendeji ili isiondoke na wagonjwa. Daktari ni mwanamke kijana anayeongea taratibu, na macho yake yana uchovu wa mtu aliyeanza kazi kabla jua halijatoka.

"Mzee, kolesteroli yako mbaya ni nne nukta moja," alisema. "Na presha nayo si haba."

"Nne nukta moja kati ya ngapi?" Baba aliuliza.

"Si mtihani, Mzee. Tunaisoma pamoja na umri, presha, sigara, sukari." Akageukia chati iliyobandikwa ukutani, imejaa vijumba vya kijani, njano, machungwa na nyekundu, akashusha kidole mpaka kikatua. "Uko hapa. Rangi ya machungwa. Kati ya watu mia walio kama wewe, kumi mpaka ishirini watapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi."

Baba aliitazama chati kwa makini. "Daktari, mimi nimetoa kadi za njano na nyekundu maisha yangu yote. Ya machungwa sijawahi kuiona."

"Hiyo ni onyo kali, lakini bado uko uwanjani."

Jibu lile lilimkuna pale pale alipotaka kukunwa. Akatabasamu, akaketi vizuri.

"Kwa chati hii," daktari aliendelea, "mtu wa rangi yako tunaanza naye kwa chakula na mazoezi, dawa hasa ni ya wale wa nyekundu. Ila umeniambia baba yako mzazi alianguka ghafla akafa kwa moyo, na presha yako imekaa juu muda mrefu. Mimi nakuanzishia dawa. Kidonge cha miligramu ishirini, kimoja kila siku, halafu turudi kupima tuone. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Tukatoka na kichupa. Baba alikuwa tayari kumeza jioni ile ile, shahidi Mungu. Alishaiweka glasi ya maji mezani. Lakini mimi nilishapiga picha majibu yale na kuyatuma kwenye kundi letu la familia, maana ndivyo tunavyoishi, mtu hakohoi bila wengine kuarifiwa. Laiti simu ingeishiwa chaji siku ile.

Wa kwanza alikuwa kaka. Sauti yake ilikuja ndefu, ya mtu anayetembea kwenye korido ya hospitali na watu wanampisha.

"Baba, usimeze kitu bado. Chati ya rangi ni ya watu wasio na vifaa. Nimekupigia hesabu kwenye kikokotoo chetu, umetoka asilimia kumi na nane. Kwa mwongozo wetu hapo ni hatari ya kati. Hapo daktari anatakiwa azungumze kwanza na mgonjwa, na kama bado kuna shaka, unapigwa picha ya mishipa ya moyo kuona kama ina chokaa. Ikiwa haina, dawa inaweza kusubiri. Mia na hamsini na nane siyo mwisho wa dunia."

Nikashtuka. Nne nukta moja imekuwaje mia na hamsini na nane na jua halijazama? Kumbe wenzetu wa huko wana kipimo chao cha kolesteroli kama walivyo na maili zao, sisi na kilomita zetu. Kitu ni kile kile, namba imevaa nguo nyingine. Nilipomweleza Baba hivyo alielewa haraka, lakini nilimwona amekunja uso.

Kabla sijaweka simu chini, kitindamimba naye huyo. Yeye hakutuma sauti, alituma kitabu. Kurasa chungu nzima, majedwali, mishale, rangi juu ya rangi. Chini yake akaandika kwamba ishirini ni kidogo, Baba aanze na dozi kubwa mara moja, kwa mwongozo wa Ulaya mtu wa hatari yake anatakiwa ashushe mpaka chini ya moja nukta nane, na ikiwezekana chini ya moja nukta nne. "Daktari wenu hajamtajia hata namba ya kufikia?" aliandika. "Dawa bila lengo ni nini sasa?"

"Huku hatukimbizani na namba," kaka akajibu. "Tunaangalia imeshuka kwa asilimia ngapi."

"Ndiyo maana mnaongoza kwa unene," kitindamimba akajibu.

Hapo hata glasi ya Baba haijahama mezani.

Akaniomba nimchapishie yote. Nikadhani anataka kujisomea tu, nikapeleka kwa mchapishaji wa jirani na duka la viatu, nikarudi na furushi. Baba akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akajifungia sebuleni na miongozo mitatu: ule wa kaka, ule wa kitindamimba, na karatasi aliyopewa kliniki. Lugha haikumsumbua, sheria za kimataifa alizisoma kwa lugha hiyo hiyo ujana wake wote. Alipotoka alikuwa na uso ule ninaoujua, uso wa mtu aliyeona goli limefungwa na wakati huo huo kibendera kimeinuliwa.

"Mwanangu," alisema, "mmoja anasema nisubiri, mmoja anasema nimeze nyingi, mmoja anasema nimeze wastani. Wote wamesoma. Wote wana kitabu. Mechi moja haiwezi kuwa na vitabu vitatu."

"Baba, meza cha daktari wako. Yeye ndiye aliyekushika mkono akakupima."

"Simdharau. Lakini watoto wangu wawili, tena wenye kazi hiyo hiyo, wameinua vibendera. Siwezi kupeta, mchezo uendelee kama hakuna kitu. Wakikubaliana sheria moja, mimi naanza siku hiyo hiyo."

Akakifunga kichupa, akakiweka juu ya friji. Hivyo ndivyo mchezo ulivyosimama.

Sasa niambie, hasira yangu ningeipeleka kwa nani? Nilimwekea kidonge kando ya chai, nikakikuta kimerudi kwenye chupa. Nikamnunia, akaninunia kwa ustadi zaidi. Nikampigia kaka, akasema sayansi haiendeshwi kwa jazba. Nikampigia kitindamimba, akasema, "Dada, si mimi, ni kaka yako." Kila mara kaka akikosea anakuwa kaka yangu peke yangu.

Nikaamua kuifanya kazi mwenyewe. Darasa letu la udereva lina ubao mkubwa ambao nusu yake imechorwa makutano ya barabara na haifutiki tena. Kwenye nusu iliyobaki nikachora safu tatu: Marekani, Ulaya, Kliniki. Nikapitia miongozo ile ukurasa kwa ukurasa, mimi niliyepata alama za aibu kwenye baiolojia. Nani anapewa dawa? Kwa dozi gani? Ishuke mpaka wapi? Apimwe tena lini? Niligundua mambo ya kumtoa mtu machozi. Kikokotoo cha kaka kilitengenezwa kwa watu wa huko kwao, naye akakijaza kana kwamba Baba alizaliwa mtaa wa pili kutoka hospitali yake. Kikokotoo cha kitindamimba kinataka kwanza uchague eneo la Ulaya unalotoka, kwa sababu hatari inatofautiana kati ya nchi na nchi. Eneo letu halimo, bila shaka. Akachagua la hatari kubwa kwa kukisia, na kwa mchana mmoja Baba akawa Mzungu wa mashariki bila hata kuomba viza. Chati ya kliniki, ile waliyoidharau wote wawili, ndiyo pekee iliyokuwa na ukanda wetu.

Mwanafunzi wangu mmoja, karani wa benki anayeogopa kurudi nyuma na gari, aliuona ubao ule akauliza kama ni alama mpya za barabarani.

"Ni damu ya baba yangu," nikamwambia. "Washa gari."

Lakini nilichokiona chini kabisa ya safu zote tatu kilinifanya nipige ubao kwa kiganja. Chakula: wote walisema kitu kimoja. Presha: wote, idhibitiwe. Dawa yenyewe: ile ile, jamii ile ile ya vidonge. Kupima tena baada ya kuanza ili kuona kama imefanya kazi: wote. Hata mwongozo wa kaka, ukiusoma mpaka mwisho badala ya kuutikisa hewani, ulisema mtu wa hatari ya kati ambaye mzazi wake alikufa kwa moyo ni haki kabisa aanze kidonge cha wastani. Cha wastani! Ishirini! Kile kile kilicholala juu ya friji kikipigwa na vumbi. Na wa Ulaya ulisema kwa wasio wagonjwa bado unaweza kwenda hatua kwa hatua. Walikuwa wanagombania ghorofa ya juu ya nyumba ambayo hawajachimba hata msingi.

Nikaitisha kikao cha simu, Jumapili, wote kwa picha. Baba alivaa shati la mikono mirefu na kukaa katikati ya kochi. Mimi nilishika simu.

"Nimesoma miongozo yenu," nikaanza. "Yote inakubali Baba akianza na ishirini. Kaka, wako unaruhusu. Mdogo wangu, wako unaruhusu kupanda pole pole. Semeni ndiyo, mzee ameze, mengine mtapigania mkiwa na nafasi."

Kaka akacheka kidogo, kile kicheko cha pua. "Umesoma wewe?"

"Nimesoma mimi. Kuna sheria inayokataza?"

"Kuruhusu siyo kupendekeza, mdogo wangu. Tukimpa mtu dawa ya maisha bila picha ya mishipa tunaweza kuwa tunamtibu mtu asiye na tatizo."

"Picha hiyo inapigwa wapi?" nikauliza. "Nimeulizia. Mashine iko mji mwingine, na imeharibika, wanasubiri kipuri."

"Basi wakitengeneza."

"Na kipuri kikija Baba ana miaka tisini?"

Kitindamimba akadakia. "Ona sasa! Kaka siku zote ni hivyo. Baba, mishipa haisubiri mashine. Anza na themanini."

"Themanini kwa mzee ambaye hajawahi hata kumeza nane?" kaka akasema. "Misuli ikimuuma ataacha zote."

"Wewe uliacha hata piano."

"Piano imeingiaje hapa?"

Piano iliingia. Baada ya piano ikaingia baiskeli, halafu nani alimwachia nani kazi ya kumuuguza Mama, na hapo Baba akanyoosha kiganja mbele ya simu. Wote wakanyamaza, daktari wa moyo na mfamasia, kama watoto walioshika karata.

"Mmeona?" alisema kwa upole. "Hamjakubaliana."

Nikatamani kuitupa simu ile dirishani. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chombo chetu sisi hakikwenda popote, kilifungwa gatini, na manahodha wake walikuwa nchi mbalimbali wakitukanana.

Nilirudi kliniki peke yangu kumwomba daktari aje anisaidie. Alinisikiliza huku akiandika, foleni imejaa nje hadi kwenye ngazi.

"Siwezi kumlazimisha," alisema. "Lakini mwambie hivi kutoka kwangu. Miongozo inatofautiana kwa sababu watu walioiandika wana fedha tofauti, mashine tofauti na wagonjwa tofauti. Haitofautiani kuhusu kama mafuta yanaziba mishipa. Hapo hakuna ubishi duniani." Akainua macho. "Anatembea asubuhi?"

"Anatembea."

"Dawa ya presha anameza?"

"Ya presha anameza bila neno, maana mlimpa kabla sijawaambia wenzangu."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mrudishe nimwone."

Baba alisema kliniki atarudi tukishapatana, lakini maneno yale nilimfikishia kama yalivyo. Akayasikiliza, akayapima. Naapa nilimwona akitazama juu ya friji. Akasema, "Huyu binti anaongea vizuri. Waambie wenzako uliyoyasikia, kisha wanipe jibu la mwisho."

Nikawaambia. Na safari hii, ajabu ya maajabu, walilegea. Kitindamimba alisema haya, ishirini kwa kuanzia, mradi apimwe upesi. Nikaruka. Nikasubiri kaka. Kaka naye akasema ndiyo, kimsingi hana pingamizi, ila kuna jambo dogo tu.

"Jambo gani?"

"Kuna mkutano mkubwa wa madaktari wa moyo unakuja, na nasikia watatoa mwongozo mpya. Huenda hata kikokotoo kikabadilika. Ni muda mfupi tu. Kwa nini tuanze na cha zamani?"

Sikumbuki nilimjibu nini, ila mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani alisimamisha gari bila kuambiwa. Na ubaya ni kwamba Baba alikuwa kwenye kundi lile lile, na ujumbe ulimfikia kabla sijarudi. Nilipofika nyumbani alishaufanyia uamuzi.

"Kama sheria mpya zinakuja," alisema, "hakuna ligi inayoanza msimu kwa zile za zamani."

"Baba, hii siyo ligi! Hii ni damu yako!"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Kila mtu hapa ana mwongozo, na mwenye mwili hana dawa. Sikio la kufa halisikii dawa, Baba!"

Neno lilishatoka. Alinitazama, si kwa hasira. Akaniambia niketi nipumzike, nimechoka, wanafunzi wangu wananimaliza. Akanitengenezea chai yeye mwenyewe. Nilikunywa kwa ghadhabu na aibu pamoja, na hatukusema tena habari ile kwa siku nyingi.

Mkutano wa kaka ukafika. Alituma picha akiwa na kitambulisho shingoni. Mwongozo haukutoka, ulisogezwa mbele.

Siku jambo lenyewe lilipotokea nilikuwa barabarani na yule karani wa benki, anajifunza kuegesha. Jirani yetu, mama mwenye duka la vitambaa, alipiga simu mara moja, nikaiacha, akapiga tena. Aliniambia Refa ameshindwa kufunga viatu. Nikamwuliza maana yake nini ameshindwa kufunga viatu. Akasema alimkuta ameketi kwenye kizingiti, kamba iko mkononi, anaitazama tu, na alipomwamkia alijibu maneno yasiyoeleweka, mdomo umekwenda upande.

Nilimwambia karani ashuke, nikaendesha mwenyewe. Nilivunja kila sheria ninayofundisha.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali kuu walimpiga picha ya kichwa, mshipa umeziba. Walimlaza chumba chenye vitanda vingi na madirisha ya juu, wakamchoma sindano, wakamfunga mashine ya presha inayolia kila inapojisikia. Mkono wa kulia haukuinuka. Maneno hayakutoka, ila macho yalikuwa yake, yananifuata kila nilipokwenda.

Daktari wetu wa kliniki alikuja baada ya kazi, bado ana koti jeupe. Nilimvuta koridoni.

"Niambie ukweli. Angemeza toka siku ile, hili lisingetokea?"

Aliegemea ukuta. "Huenda lingetokea. Huenda lisingetokea. Dawa inapunguza, haifuti. Hakuna mwongozo unaoweza kukujibu hilo, na mimi sitakudanganya."

Ningependa angenidanganya. Upande wowote ungenitosha.

Nikarudi kando ya kitanda, nikawapigia wale wawili kwa pamoja. Sikuwa na salamu. Nikawaelekezea simu kwa Baba, wakamwona, kisha nikaigeuza kwangu.

"Madaktari hapa wanataka kumwanzishia ile dawa ya kolesteroli," nikasema. "Semeni sasa. Miongozo yenu inasemaje?"

Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi mahali fulani, bila koti, uso umemshuka. "Dozi kubwa," alisema. "Mara moja. Hapa hakuna kupiga hesabu tena. Mtu akishapata kiharusi cha namna hii, kikokotoo hakihusiki."

"Ulaya?"

"Hivyo hivyo," kitindamimba alisema kwa sauti ndogo. "Dozi kubwa, leo."

"Na chati ya kliniki hivyo hivyo," daktari wetu alisema nyuma yangu. "Akishaugua hatuangalii rangi."

"Tuishushe chini ya sabini, kwa kipimo chetu," kaka akaongeza.

"Sisi chini ya moja nukta—" kitindamimba alianza, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika.

Kwa hiyo walikubaliana. Marekani, Ulaya na kliniki yenye pazia bovu, wote kwa sauti moja, bila piano, bila baiskeli, bila mkutano. Muda wote ule wa kubishana, kilichokuwa kinahitajika ili wapatane ni Baba aanguke. Nilitaka kuwapigia kelele mpaka wodi nzima isikie. Nikaikata simu.

Muuguzi alikuja na kidonge kimesagwa kwenye kikombe kidogo, kimechanganywa na maji mazito. Alimwinua Baba mgongo, akamjaribu kwanza kwa maji kidogo ya kijiko. Baba akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Muuguzi akamfuta kidevu, akasema tusubiri kidogo, koo nalo limelegea upande mmoja, inabidi ajifunze kumeza upya, kama leo haitawezekana watampitishia mpira puani. Akamjaribu tena. Safari hii yalipita. Akanipa mimi kijiko, akasema watu wengine humeza vizuri zaidi kwa mkono wa mtu wa nyumbani.

Nilichota, nikainama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nimezoea kumbembeleza, nimezoea kugombana. Baba hakuyasubiri. Alishafungua mdomo, upande ule mmoja uliokuwa bado unamtii, na aliufungua kabla kijiko hakijatoka kwenye kikombe.